Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "College", Sehemu ya 5 ya The Sopranos

Majibu haya yanafichua kila kitu kinachotokea katika sehemu hii. Kama hujaitazama, soma maswali mawili ya kwanza, kisha uende ukatazame ndipo urudi.

"College" ni sehemu ipi, na ilitoka lini?

Ni sehemu ya 5 ya msimu wa 1. HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, waliirusha tarehe 7 Februari 1999, mwezi mmoja tu tangu tamthilia yenyewe ianze tarehe 10 Januari. Iliandikwa na James Manos Jr. pamoja na David Chase, ambaye ndiye mwanzilishi wa tamthilia nzima, na kuongozwa na Allen Coulter. The Sopranos iliendelea hadi Juni 2007, ikafikisha misimu 6 na sehemu 86. Wengi wetu tulioipenda tangu mwanzo, ukituuliza ni wapi ilipotukamata shingo, tutakutajia hii.

Naweza kuitazama bila kuona zile nne za mwanzo?

Unaweza. Nadhani hakuna sehemu nyingine ya msimu wa kwanza inayojitosheleza kama hii. Unachohitaji kujua ni kidogo: Tony Soprano (James Gandolfini) ni mkubwa katika genge la Mafia la kaskazini mwa New Jersey. Amekuwa akizimia ghafla kwa hofu, kwa hiyo anamwona daktari wa akili kwa siri, Dk. Jennifer Melfi (Lorraine Bracco). Mkewe Carmela (Edie Falco) anajua kwamba kuna daktari, ila hajui kwamba ni mwanamke. Binti yao mkubwa, Meadow (Jamie-Lynn Sigler), anamaliza sekondari. Basi.

Kwa kifupi, kinatokea nini?

Tony anampeleka Meadow jimbo la Maine kutembelea vyuo. Njiani, kwenye kituo cha mafuta, anamwona mtu ambaye zamani alikuwa mwenzao na akawachoma kwa serikali. Kuanzia hapo safari inakuwa mbili: mchana baba anazunguka na binti yake kwenye mahojiano ya vyuo, na kila anapopata upenyo anamwinda yule mtu, mpaka anamkaba kwa waya na kumuua. Wakati huohuo Carmela amebaki nyumbani na mafua makali. Mvua inanyesha, mtoto wao wa kiume amelala kwa rafiki yake, na Padri Phil Intintola anapiga hodi.

Watu wengi wakisimulia sehemu hii husimulia Maine tu. Wanapoteza nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo nzito zaidi.

Fred Peters ni nani hasa?

Ndiye yule mtu wa kituo cha mafuta. Jina lake halisi ni Fabian Petrulio, wenzake walimwita Febby. Alinaswa na biashara ya heroini, akageuka shahidi wa serikali, akawatia wenzake gerezani. Serikali ikampa jina jipya, na sasa ana mke, binti mdogo na ofisi ya wakala wa safari katika mji mdogo. Ofisini kwake kuna sanamu ya kichwa cha Ronald Reagan.

Tazama jinsi waandishi walivyompanga sambamba na Tony. Wote wawili ni baba wa binti. Usiku Tony ananyemelea nyumba yake na kumchungulia akiwa na familia, na kile anachokiona hakina tofauti na maisha yake mwenyewe: nyumba, mke, mtoto, usalama wa kununuliwa. Petrulio naye anashtuka kwamba anafuatiliwa. Anakwenda hadi moteli na bastola, anamwona Tony akimsaidia Meadow aliyelewa kuingia chumbani, na hafyatui risasi. Kwa dakika ile, hatima ya baba hao wawili na binti zao iko mkononi mwa mtu ambaye Tony anamwita panya.

Huo mpango wa kuwalinda mashahidi upo kweli?

Upo. Marekani waliuweka kwa sheria ya mwaka 1970 ya kupambana na uhalifu wa magenge, na unasimamiwa na U.S. Marshals Service. Hao husema kwamba hakuna shahidi aliyefuata masharti yao akauawa. Kabla ya hapo kulikuwa na Joseph Valachi, mtu wa Mafia ambaye mwaka 1963 alikaa mbele ya kamati ya Seneti na kueleza hadharani jinsi Mafia inavyofanya kazi, viapo na vyeo vyake. Tangu siku ile genge lilijua kwamba hatari kubwa zaidi inakaa nalo mezani. Kenya nayo ina sheria yake ya kulinda mashahidi, ya mwaka 2006, na kila kesi kubwa inapovunjika kwa sababu mashahidi wameogopa au wametoweka, tunakumbuka kwa nini sheria za namna hii ni suala la kufa na kupona.

Kwa nini Tony hakumwachia Christopher kazi hiyo?

Christopher Moltisanti (Michael Imperioli), kijana wa genge la Tony, anaomba. Amesimama kwenye simu ya barabarani, mvua inamlowesha, anataka apande ndege aje amalize yeye. Kwake ni nafasi ya kupanda cheo. Akili ya kawaida inasema Tony akubali: yuko na mtoto, yuko ugenini, gari lake limeshaonekana. Anakataa.

Jibu jepesi ni kiapo. Huku akimkaba, Tony anamwambia kwamba alikula kiapo na akakivunja. Lakini mimi naona kuna zaidi. Angalia uso wa Gandolfini katika tukio lile: mtu anayetekeleza wajibu hana uso ule. Anafurahia. Katika sehemu nne za mwanzo tumemwona akihangaika na mama yake, na wazee wa genge, na daktari, akizimia kama mtu aliyebanwa kila upande. Maine ndiyo mara ya kwanza tunamwona amepumua vizuri. Hilo ndilo linalotisha, na ndiyo sababu isingetosha mauaji kufanywa na mtu mwingine kwa amri yake.

Ni kweli HBO hawakutaka mauaji hayo?

Ndiyo, na habari hii imesimuliwa na wahusika wenyewe. Chris Albrecht, aliyekuwa akisimamia vipindi vya HBO, aliona David Chase amejenga mhusika wa aina yake kisha anataka kumharibu katika sehemu ya tano. Hoja yake ilikuwa kwamba watazamaji watamkataa Tony. Hoja ya Chase ilikuwa kinyume kabisa: mtu wa aina ya Tony akimkuta msaliti na kumwacha aende zake, watazamaji watajua kwamba wanadanganywa, na tamthilia nzima itakosa uzito.

Chase alishinda, lakini alikubali kuongeza kitu kidogo. Ndiyo maana kuna tukio ambapo Petrulio anajaribu kuwakodi vijana wawili wa dawa za kulevya wamuue Tony. Lengo ni kumfanya aonekane mbaya zaidi ili tusimlilie sana. Mimi nadhani tukio hilo ni doa dogo katika kazi hii. Petrulio hakuhitaji kuchafuliwa. Ukimwacha alivyo, mtu aliyekosea zamani na sasa anauza tiketi na kulea binti, unalazimika kuukabili uamuzi wa Tony bila kisingizio.

Televisheni ya Marekani wakati ule ilikuwa na kanuni isiyoandikwa: mhusika mkuu anaweza kuwa na kasoro, lakini hamuui mtu kwa mikono yake na kurudi kumchukua mtoto kwenye mahojiano. Baada ya "College" kanuni hiyo ilivunjika. Manos mwenyewe baadaye alianzisha Dexter, tamthilia ya 2006 ambayo mhusika wake mkuu ni muuaji.

Katika mazungumzo ya kwenye gari, je, Meadow alikuwa anajua au anabahatisha?

Alikuwa anajua. Anamuuliza baba yake waziwazi kama yumo katika Mafia. Tony anaruka: yeye anafanya biashara ya taka, watu wakiona Mtaliano anazoa taka wanamsingizia. Meadow hatetereki. Anamkumbusha polisi waliokuja nyumbani na hati za kupekua, na yeye baba kutoka saa tisa usiku. Tony anajaribu kumtaja jirani yao, daktari Cusamano, kwamba naye hutoka usiku akiitwa. Hapo binti anamuuliza kama watoto wa Cusamano waliwahi kukuta sarafu za dhahabu za dola 50,000 na bastola walipokuwa wakitafuta mayai ya Pasaka.

Hakuna pa kutokea. Tony anakanusha mara moja zaidi, kwamba hakuna kitu kinachoitwa Mafia, kisha anakubali kipande: sehemu ya pesa zake zinatoka kwenye kamari haramu na mambo kama hayo. Sikiliza vizuri hayo "mambo kama hayo". Ndani yake kuna maiti.

Baadaye, mezani, anamweleza jinsi alivyoingia. Baba yake alikuwemo, ami yake alikuwemo, yeye alisoma chuo cha Seton Hall muhula mmoja na nusu. Anasema huenda alikuwa mvivu wa kujifikiria mwenyewe. Kijana alijiona mwasi, kumbe katika ukoo wake uasi wa kweli ungekuwa kwenda kuuza viti vya bustani kando ya barabara kuu. Sijui kama kuna mahali pengine katika misimu yote sita ambapo Tony anasema neno la kweli zaidi juu yake mwenyewe, na anamwambia mtoto wa miaka kumi na saba.

Meadow naye anampa siri yake: alikuwa akitumia vidonge vya kumkesha ili aweze kusoma. Na anamsifu kwamba angalau yeye hakanushi kama mama. Ni sifa inayouma, kwa sababu kesho yake asubuhi baba huyohuyo atamdanganya usoni. Ukiitazama mara ya pili utaona kwamba ukweli katika nyumba hii hutolewa kwa vipande. Mtu anakupa kidogo ili usimuulize kilichobaki.

Yale maandishi anayosoma Tony ukutani chuoni yanahusu nini?

Ni maneno ya Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa karne ya 19 aliyehitimu chuo cha Bowdoin mwaka 1825. Yanasema kwa ufupi kwamba mtu hawezi kuvaa uso mmoja kwake mwenyewe na mwingine mbele ya watu kwa muda mrefu bila kuishia kuchanganyikiwa upi ni wake. Tony ametoka kuua saa chache zilizopita. Baadhi ya watazamaji huona waandishi wametuonyesha kwa kidole mno hapo. Mimi naona panafaa, kwa sababu mbele yake yupo kijana wa chuo anayemweleza kwa adabu kwamba huyo ndiye mhitimu wao mashuhuri, bila kujua anazungumza na nani. Tony anayasoma, anayaelewa, kisha anaendelea na siku yake.

Kati ya Carmela na Padri Phil kulikuwa na nini?

Swali hili huulizwa kuliko yote, kwa kawaida na watu wanaotaka jibu la ndiyo au hapana. Kimwili, hakuna kilichotokea. Lakini ukiishia hapo hujaiona sehemu hii.

Padri (Paul Schulze) anafika akisema ana hamu ya ziti za Carmela, yale makaroni ya kuokwa kwenye oveni na sosi ya nyanya na jibini. Anakula, anakunywa divai, wanatazama filamu ya The Remains of the Day, inayohusu mtumishi wa nyumba ya kitajiri ambaye maisha yake yote hakuthubutu kumwambia mwanamke anampenda. Katikati ya hayo simu inalia. Ni Dk. Melfi, naye anaumwa, anaahirisha miadi ya Tony. Kwa sauti ile Carmela anajua kwamba daktari ni mwanamke, na mara moja anaamini kwamba Tony analala naye. Ndipo anapovunjika.

Anaungama. Si maungamo ya kutaja dhambi ndogondogo. Anasema ameacha lililo sahihi kwa ajili ya lililo rahisi, ameruhusu uovu nyumbani mwake mbele ya watoto wake, kwa sababu ya nyumba nzuri na pesa mkononi, na anaogopa kwamba Mungu atamlipa. Edie Falco anayasema haya akiwa na pua nyekundu ya mafua, bila muziki wa kumsaidia. Siku zote Carmela alijua. Meadow alikosea kidogo kule kwenye gari: mama hakanushi kwa kutojua, anakanusha kwa sababu akikubali atapaswa kufanya kitu.

Padri anamwondolea dhambi na kumpa Komunyo hapohapo sebuleni. Kwa Mkatoliki tukio hili ni zito, na waandishi wanaliheshimu. Hawalifanyi kuwa dhihaka. Tatizo linakuja baadaye. Divai inaendelea, nyuso zinakaribiana, na padri anakimbilia chooni kutapika. Anaamka asubuhi kwenye kochi, amejaa aibu na visingizio, na Carmela anamjibu kwa ukavu kwamba hawakufanya lolote baya.

Ninavyoona mimi, padri huyu si mnafiki wa makusudi. Ni mtu anayependa chakula cha nyumba za watu, joto la sebule, na wanawake wanaomtazama kama mwokozi, ila hataki gharama ya kuwa mchungaji wao. Alipaswa kumuuliza Carmela: sasa utafanya nini? Hakuuliza, maana jibu lake lingeweza kumfungia mlango wa jiko lile. Nasi tunaolelewa na kanisa tunajua jinsi ilivyo rahisi kumkirimu padri nyumbani na jinsi ilivyo vigumu kwa padri kumkemea mwenye nyumba anayemlisha.

Mwishoni, Carmela amekasirika kwa sababu gani hasa?

Tony anarudi, anasikia padri amelala pale, anaanza kuhoji kwa kejeli walikuwa wakifanya nini saa zote zile. Carmela anamwambia alipewa Komunyo. Halafu, akiwa ameshashinda, anamwambia kwamba daktari wake amepiga simu, Jennifer. Tony ananywea na kusema ni matibabu tu. Carmela hajali tena kama ni kweli. Kilichomchoma ni kwamba yeye amemfichia mumewe kila kitu mbele ya dunia, na mumewe akamficha hilo dogo.

Meadow aliona matope na jeraha. Alishuku?

Alishuku. Tony anafika kumchukua akiwa amechelewa, viatu vina matope, mkono umechanika kwa ule waya. Binti anauliza, baba anatoa sababu isiyo na mguu wala kichwa, na Meadow anaacha. Jana yake alikuwa msichana anayedai ukweli kwa ushahidi. Leo amekuwa mtu wa familia.

Vyuo hivyo vipo kweli?

Vipo vyote vitatu: Bates mjini Lewiston, Colby mjini Waterville na Bowdoin mjini Brunswick. Ni vyuo vidogo vya heshima na vya gharama kubwa. Lakini Maine unayoiona kwenye skrini ni New Jersey na jimbo jirani la New York. Meadow hakwenda chochote kati ya hivyo. Baadaye anasoma Columbia, jijini New York, karibu na nyumbani.

Hadithi hii ni ya kweli?

Hapana. Genge la New Jersey lililopo kweli ni la ukoo wa DeCavalcante, na mwaka huohuo wa 1999 FBI waliwanasa baadhi ya watu wake kwenye rekodi ya siri wakiizungumzia tamthilia na kujiuliza kama inawahusu wao.

Ilipata tuzo?

Mwaka 1999 Manos na Chase walipata Emmy ya uandishi bora wa tamthilia kwa sehemu hii, na Edie Falco akapata Emmy ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Mwaka 2009 jarida la TV Guide liliiweka ya pili katika orodha yake ya sehemu 100 bora za televisheni.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Haifai. Mauaji yanaonyeshwa karibu na kwa muda mrefu, na matusi ni mengi. Mzazi na kijana aliyekaribia chuo, hao nawashauri waitazame pamoja.

Nikiipenda, nitazame ipi baada yake?

Endelea kwa mpangilio, tafadhali, usiruke. Ila kama uliguswa na Carmela, weka alama mbili. Ya kwanza ni "Second Opinion", sehemu ya 7 ya msimu wa 3, ya mwaka 2001. Humo Carmela anakwenda kwa daktari wa akili mzee, Dk. Krakower, ambaye anamwambia kila kitu ambacho Padri Phil alikwepa: achukue watoto aliobaki nao aondoke, na aache kujiona hana hatia. Kisha anakataa malipo yake, kwa sababu hataki pesa za damu. Ya pili ni "Whitecaps", ya kufunga msimu wa 4, Desemba 2002, ambapo yale yote Carmela aliyomwambia padri usiku ule wa mvua hatimaye anamwambia Tony mwenyewe, kwa sauti ya juu, ndani ya nyumba ileile. Falco na Gandolfini wote wawili walipata Emmy mwaka 2003 kwa sehemu hiyo.